Kwa nini jemadari wa mezani hutii dadu?

Kwenye drafti kete haikatai. Ukiisogeza, imesogea. Lakini kaa kwenye meza ya mchezo wa vita vya kihistoria, yenye vijisanamu vya askari vilivyopakwa rangi, utaona mtu mwenye jeshi zima akitupa dadu, inaangukia moja, naye anaguna. Zamu hii anasogeza kundi moja tu. Wengine watasimama pale pale, hata kama adui yuko pua na mdomo. Kwa nini?

Kwa sababu vitani ndivyo ilivyokuwa. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaclava, Crimea, Lord Raglan wa Uingereza alikuwa juu kilimani, akaona Warusi wanataka kuondoka na mizinga waliyoiteka. Akatuma amri ya maandishi: askari wa farasi wawazuie. Tarishi, Kapteni Nolan, akateremka mbio. Lakini Lord Lucan, mkuu wa hao askari wa farasi, aliyekuwa bondeni, hakuiona mizinga hiyo, miinuko ilimziba. Akauliza, mizinga ipi? Nolan akanyoosha mkono tu. Wapanda farasi zaidi ya 600 wakaenda kuvamia mizinga mingine kabisa, mwisho wa bonde, huku wakipigwa kutoka mbele na pande zote mbili. Nolan aliuawa mwanzoni kabisa, kwa hiyo hata nafasi ya kumuuliza alimaanisha nini haikuwepo.

Mchezo unaompa mchezaji jicho la mwewe na askari wanaotii papo hapo hauwezi kuonyesha hayo. Waprusia, watu wa dola la zamani la Kijerumani, walilijua hilo mapema. Katika mchezo wa Luteni von Reisswitz wa mwaka 1824, maofisa waliandika amri wakampa mwamuzi, naye akapima muda ambao tarishi angetumia njiani kabla ya kusogeza kikosi.

Kusubiri mwamuzi kunachosha, na si kila nyumba ina mtu wa tatu. Hapo ndipo dadu ilipochukua kazi yake. Katika De Bellis Antiquitatis, kanuni zilizotoka mwaka 1990 kwa vita vya kale na vya zama za kati, kila jeshi lina vikosi 12. Unatupa dadu moja. Nambari inayotokea ndiyo idadi ya amri zako.

Uzuri wake, kwangu mimi, uko hapa: vikosi vilivyopangwa bega kwa bega vikienda pamoja hugharimu amri moja tu. Vikitawanyika, kila kimoja kinadai yake. Basi mchezaji anaanza kuogopa kuvunja safu, bila kuambiwa na mtu. Na kikosi kilicho mbali na jemadari kinadai amri ya ziada. Kikiwa nyuma ya kilima, hata umbali mfupi zaidi unatosha kupandisha gharama.

Kwa hiyo yule aliyepata moja anaweza kusogeza safu ya mikuki iliyo karibu naye. Farasi wake nyuma ya kilima wanahitaji mbili, na leo hakuna tarishi atakayewafikia.