AFCON 2027 na mashaka juu ya utayari wetu: yapi ni ya kweli, yapi ni ya kusikia tu

Tangu Septemba 27, 2023, siku Shirikisho la Soka Afrika (CAF) lilipotangaza jijini Cairo kwamba Kenya, Tanzania na Uganda zitaandaa kwa pamoja fainali za Mataifa ya Afrika (AFCON) za 2027, swali moja halijaisha vijiweni: tutaweza kweli? Wapo wanaouliza kwa uchungu, na wapo wanaouliza huku jibu wanalo tayari. Mimi nataka mashindano haya yafanyike hapa, na yafanyike vizuri. Ndiyo maana jibu la "tutaweza tu" haliniridhishi, na lile la "hatuwezi kitu" linaniuma. Mashaka mengine yana msingi mzito. Lakini mengi yanayosambazwa yameelekezwa kusiko, na yale yanayostahili kutukosesha usingizi hayatajwi sana.

Dhana: "CHAN iliahirishwa kwa sababu hatukuwa tayari, basi na AFCON itatushinda"

Nusu ya kwanza ni kweli, na hakuna haja ya kuificha. CHAN 2024, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani ambayo nchi hizi hizi tatu zilipewa kuandaa, ilipangwa kuanza Februari 1, 2025. Januari 14, zikiwa zimebaki siku 18, CAF ikaisogeza hadi Agosti kwa maelezo kwamba miundombinu ilihitaji muda zaidi. Kesho yake droo ikafanyika Nairobi, huku kila mtu akijua kwamba viwanja havikuwa vimefika pale vilipotakiwa kufika.

Nusu ya pili ndiyo isiyosimama. Agosti 2 mpira ulianza Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, Taifa Stars ya Tanzania ikaifunga Burkina Faso 2-0. Agosti 30 Morocco ikaifunga Madagascar 3-2 Kasarani, Nairobi, kwenye fainali. Katikati hapo timu 19 zilicheza kwenye viwanja vitano: Mkapa, Amaan ya Zanzibar, Namboole ya Kampala, na Kasarani na Nyayo za Nairobi. Wenyeji wote watatu walifika robo fainali, na Kenya, iliyokuwa inashiriki kwa mara ya kwanza, ilimaliza kinara wa kundi lenye Morocco, Angola, DR Congo na Zambia.

Wanaosahau haraka wakumbuke hali ilivyokuwa mwaka mmoja tu kabla. Mwaka 2024 Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, ilikuwa inacheza mechi zake za "nyumbani" Lilongwe nchini Malawi na Kampala, kwa kuwa Kenya haikuwa na uwanja hata mmoja uliokubaliwa kwa mechi za kimataifa. Nchi iliyokuwa inaazima uwanja kwa jirani ndiyo iliyoandaa fainali.

Hata hivyo CHAN si AFCON. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani. AFCON ina timu 24, mechi 52, nyota kutoka Ulaya, vyombo vya habari vya dunia nzima na maelfu ya mashabiki wanaovuka mipaka. Kufaulu CHAN ni ushahidi mzuri, lakini ni ushahidi wa mtihani mdogo.

Dhana: "Tukishapewa, hatunyang'anywi"

Hii ni dhana ya upande wa pili, ya wale wanaopenda kutupa moyo, na naiona ni ya hatari kuliko ile ya kwanza.

CAF hunyang'anya, tena bila haya. Kenya yenyewe imenyang'anywa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa AFCON ya 1996, ikaenda Afrika Kusini, nao wakalitwaa kombe hilo hilo kwa mabao mawili ya Mark Williams dhidi ya Tunisia. Mara ya pili ilikuwa CHAN 2018: viwanja vilikuwa nusunusu, Mahakama ya Juu ikafuta uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017, na kabla mwezi huo haujaisha CAF ikaondoa mashindano, baadaye ikayapeleka Morocco.

Si Kenya peke yake. Cameroon ilipokonywa AFCON 2019 mwishoni mwa Novemba 2018, ikiwa imebaki miezi saba. Misri ikapewa Januari, na Juni mashindano yakaanza. Mwaka 2014 Morocco iliomba fainali za 2015 ziahirishwe kwa hofu ya Ebola. CAF ikazihamishia Guinea ya Ikweta, iliyoandaa kwa takriban miezi miwili. Guinea nayo iliondolewa AFCON 2025 mwaka 2022. Kwa hiyo anayesema "muda umeshakwenda, hawana pa kuyapeleka" hajafuatilia. Pa kuyapeleka hapajawahi kukosekana.

Dhana: "Viwanja vikikamilika, tuko tayari"

Hapa ndipo ninapotaka kukaa.

Mjadala wetu wote umekuwa wa zege. Uwanja wa Talanta pale Nairobi, ulioanza kujengwa Machi 2024 kwa ajili ya watu 60,000, umefika wapi? Uwanja wa Arusha wa watu wapatao 30,000 je? Na ule wa Hoima, Uganda, wa 20,000? Tunapigiana picha za kreni na paa. Ni maswali halali, lakini zege ndilo jambo rahisi kuliko yote. Mkandarasi akilipwa, anamwaga. Kinachoangusha mashindano ni yale yanayofanyika baada ya mkandarasi kuondoka.

Chukua nyasi. Mei 2025 Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Mkondo wa pili ulikuwa uchezwe Mkapa, kwenye uwanja unaobeba watu 60,000. Mvua za masika zikanyesha, eneo la kuchezea likakataliwa, na Mei 25 mechi ikahamishiwa Amaan, Zanzibar, ambako mashabiki wanaoingia ni sehemu ndogo tu ya hao. Fainali ya bara zima, uwanja wa taifa upo umesimama na viti vyake vyote, lakini haufai kwa sababu ya maji na nyasi. Wiki kumi baadaye uwanja huo huo ulifungua CHAN ukiwa katika hali nzuri. Kwa hiyo uwezo wa kuutunza upo. Kilichokosekana ni utunzaji wa kila siku, kwenye uwanja unaotumiwa na Simba, Yanga, timu za taifa, na bado ukaitwa kwa matamasha na mikutano mikubwa. Nyasi haziwezi kubeba yote hayo kisha zikatengenezwa kwa amri ya wiki moja.

Chukua umeme. Aprili 2023, Yanga ikicheza robo fainali na Rivers United ya Nigeria, taa za Mkapa zilizimika mechi ikiendelea. Watazamaji wa Afrika nzima wakabaki na giza kwenye skrini zao. Uwanja ulikuwa umekamilika tangu 2007.

Na sasa geti, ambalo ndilo linalonitia hofu kuliko vyote. Agosti 2025 Kasarani, Kenya ilipocheza na Morocco, watu wasio na tiketi walivunja ulinzi na kuingia. CAF ikatoa adhabu, na kwa mechi iliyofuata dhidi ya Zambia ikaamuru ziuzwe tiketi 27,000 tu, kwa uwanja wenye nafasi zipatazo 48,000. Wenye pesa mkononi na hamu moyoni wakabaki nyumbani kwa makosa ya getini.

Tazama geti linavyoharibika. Mashabiki hawaji polepole tangu saa saba. Wanakuja kwa mkupuo, saa moja kabla ya mpira kuanza. Mashine ya kusoma tiketi inagoma, au simu ya mtu imeisha chaji. Foleni inasimama. Aliye nyuma haoni kilichotokea mbele, anasikia nyimbo za timu tu kutoka ndani, anasukuma. Askari anaona msukumano, anafunga geti ili "watulie". Hapo ndipo watu wanapokufa, kwa sababu geti likifungwa, wa mbele hana pa kwenda na wa nyuma hajui.

Haya si mawazo yangu tu. Januari 24, 2022, kwenye Uwanja wa Olembe mjini Yaoundé, mpya kabisa, uliofunguliwa 2021, watu wanane walifariki kwenye msongamano wa kuingia kuangalia Cameroon na Comoros. Rais wa CAF, Patrice Motsepe, alisema geti lililotakiwa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Hakuna nguzo iliyoanguka wala paa lililobomoka. Lilikuwa geti.

Hili linafundishika, na nafasi za kujifunza tunazo kila wikendi. Dabi ya Simba na Yanga na ile ya Gor Mahia na AFC Leopards ni mazoezi ya bure. Tanzania watu wameshazoea kugusisha N-Card, kadi ya kielektroniki ya kuingilia, getini. Kinachohitajika ni kuwapanga wasimamizi hao hao, kwenye mageti hayo hayo, mechi baada ya mechi, mpaka kila mmoja ajue nani ana mamlaka ya kuamuru geti lifunguliwe. Na mageti ya kwanza yawe mbali na uwanja, ili asiye na tiketi arudishwe barabarani kabla hajafika penye ukuta.

Dhana: "Vurugu za getini ni tabia yetu Waafrika"

Julai 11, 2021, fainali ya Euro, Wembley, London: takriban watu 2,000 wasio na tiketi waliingia kwa nguvu. Mei 2022, Stade de France: fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya ilichelewa zaidi ya nusu saa, mashabiki wenye tiketi halali wakapigwa mabomu ya machozi. Ni tatizo la usimamizi, popote lilipo. Tusilibebe kama tabia yetu, na tusilitumie kama kisingizio pia.

Dhana: "Nchi tatu ni nyingi mno kwa mashindano mamoja"

Japan na Korea Kusini waligawana Kombe la Dunia 2002. Ghana na Nigeria waliandaa AFCON pamoja mwaka 2000, Gabon na Guinea ya Ikweta 2012. Kombe la Dunia la 2026 limepewa Marekani, Canada na Mexico, ambako umbali wa mji hadi mji unapita wetu kwa mbali. Arusha yenyewe iko karibu zaidi na Nairobi, kama kilomita 270 kupitia Namanga, kuliko Dar es Salaam, iliyo zaidi ya kilomita 600.

Ugumu uko kwenye karatasi. Ipo viza ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, lakini inahusu Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Shabiki wa Senegal ambaye timu yake itaanzia Kampala kisha ipangwe Dar es Salaam anaweza kujikuta ana tiketi ya mechi na hana ruhusa ya kuvuka. Hilo halihitaji saruji hata mfuko mmoja. Linahitaji mawaziri watatu kukaa meza moja na kusaini kibali kimoja cha kipindi cha mashindano. Ningependa kusikia wanasiasa wakiulizwa hili mara nyingi kama wanavyoulizwa asilimia za ujenzi.

Dhana: "Siasa na mpira ni vitu viwili tofauti"

CHAN 2018 inakanusha. Kenya itapiga kura Agosti 10, 2027, wakati mashindano yamekusudiwa kufanyika katikati ya mwaka huo huo. Kampeni zitakuwa zimepamba moto, na polisi wale wale watahitajika kwenye mikutano ya kisiasa na kwenye mageti ya viwanja.

Tanzania nayo, baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, ilipita kwenye vurugu zilizoua watu, amri ya kutotoka nje usiku Dar es Salaam, na intaneti iliyozimwa kwa siku kadhaa. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa 2021, na tena Januari 2026. Waliopoteza ndugu zao hawahitaji kuambiwa habari za mpira, na sitawaambia. Ila kwa wanaopanga mashindano, hoja ni hii: tiketi sasa ziko kwenye simu. Nchi inayozima mtandao inazima mageti yake yenyewe. Mashaka ya wageni kuhusu usalama wetu hayatokani na chuki wala kutojua. Yanatokana na mambo waliyoyaona, na yatapungua kwa mambo watakayoyaona.

Dhana: "Viwanja vitajilipa vyenyewe"

Talanta umejengwa kwa kukopa karibu shilingi bilioni 45 za Kenya kupitia hati fungani iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2025, deni la miaka 15. Mashindano ni ya mwezi mmoja.

Afrika Kusini ilitiliwa shaka kuliko sisi kabla ya 2010, hadi watu wakazungumzia kuhamisha Kombe la Dunia, nayo ikaandaa vizuri kabisa. Mzigo ulikuja baadaye. Uwanja wa Cape Town, ulio pembeni ya bahari na wenye sura ya kupendeza, uliugharimu mji huo mamilioni kila mwaka kwa matunzo, hadi timu ya raga ya Stormers ilipohamia humo mwaka 2021. Miaka kumi na moja ya kutafuta mpangaji mkuu.

Hoima angalau ina Kitara FC, iliyotwaa Kombe la Uganda 2024, na uwanja wa watu 20,000 si mkubwa kupita kiasi kwake. Kwa Talanta na Arusha ratiba ya mashindano tutaipata tu. Ninayotaka kuiona imebandikwa ukutani mapema ni ratiba ya Oktoba 2027: klabu gani inacheza humo, kwa kodi kiasi gani, na nani analipa maji ya kumwagilia nyasi.