Huyo kiwavi wa kwenye mndimu ni kipepeo gani?

Picha ninayotumiwa kuliko zote ni ya kiwavi wa kijani, mnene kama kidole, yuko kwenye mndimu au mchungwa, na swali ni lilelile: huyu mdudu gani, ana sumu? Kazi yangu ni wadudu, na kabla sijaangalia rangi nauliza umemkuta mti gani, maana viwavi wengi wanachagua sana majani. Akiwa kwenye jamii ya michungwa huku kwetu Afrika, mara nyingi ni Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya njano.

Kinachowachanganya watu ni kwamba akiwa mdogo hafanani kabisa na huyo wa kijani. Anakuwa kahawia iliyokoza, baka jeupe katikati, katulia juu ya jani waziwazi, yaani unaapa kabisa ni kinyesi cha ndege, na ndo maana ndege anampita tu. Anajivua ngozi mara nne, ile ya nne ndo anatoka kijani. Na yale macho mawili unayoyaona mbele siyo macho, ni madoa ya mgongoni, kichwa chenyewe ni kidogo na kimejikunja kwa chini.

Ukitaka uhakika, mguse taratibu nyuma ya kichwa na kijiti. Zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zimelowa, zimeungana chini kama herufi Y, na hapohapo harufu kali inakupiga puani, halafu zinarudi ndani. Mimi huwa nasisimka kila nikiiona! Hiyo harufu ni ya kufukuza maadui kama sisimizi, wewe haikudhuru, na hana manyoya ya kuwasha.

Kipepeo mwenyewe ni rahisi. Ndugu zake wengi wana mikia kwenye mbawa za nyuma, yeye hana, ila kila bawa la nyuma lina doa la bluu na nyekundu upande wa karibu na tumbo.

Jamani msiwaue. Mti mkubwa hausumbuki, ila mche mdogo kweli wanaweza kuumaliza majani yote, basi kata kijitawi pamoja na kiwavi wake ukiweke kwenye mlimau au mchungwa uliokomaa. Usimpeleke kwenye mwembe, atakufa njaa.