Si matajiri wanaopunga upepo
Kwa kinyozi wangu hapa Iringa kuna kalenda kuukuu yenye mchoro wa Georges Seurat, wa 1884 hadi 1886: Jumapili kisiwani La Grande Jatte, karibu na Paris. Kila anayesubiri zamu husema, "Wazungu matajiri hao, wanapunga upepo." Sivyo.

Tazama kushoto, chini. Jamaa kajilaza, kavaa fulana isiyo na mikono, kiko cha tumbaku mdomoni. Hayo ni mavazi ya mvuja jasho. Ubavuni pake kabisa kaketi bwana wa kofia ndefu na fimbo. Nyuma kuna yaya, kuna na askari wawili. Matabaka yamebanana kwenye nyasi zilezile, ila ni nadra kuona mtu akimsemesha mwenzake. Karibu wote wamekauka kama sanamu. Mama wa kulia mwenye kima wa kamba? Wengi humwona kimada, nami naona wana hoja.

Panda jiwe la Gangilonga, hapa hapa Iringa, Jumapili jioni: bodaboda, wanachuo, mzee wa suti, wote jiwe moja. Ila huku "kamwene", salamu ya Kihehe, haikosi.