Umeweka Taa za LED na Gari Limeanza Kusumbua? Usikate Waya Kwanza

Magari mengi yanayoletwa kwenye karakana yetu ya umeme wa magari hapa Arusha kwa sababu ya taa za LED huwa yameshapita mikononi mwa mafundi wawili watatu. Waya umeshakatwa na kuungwa kwa teipu, na fyuzi ya ampea 10 imetolewa ikawekwa ya 30. Hitilafu ya kwanza ilikuwa ndogo, pengine indiketa inayokimbia tu. Zilizoongezwa juu yake ndizo zinazotuchukua siku nzima.

Kwa hiyo tunaanza na ombi: balbu ulizotoa usizitupe. Taa ikisumbua, rudisha balbu ya zamani mahali pake ujaribu. Tatizo likiisha, mara nyingi waya wa gari ni mzima, ila LED na mfumo wa gari lako haviendani. Tatizo likibaki palepale, LED haina kesi. Tafuta kwenye holda, waya, fyuzi au arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Jaribio hili halina gharama, na lingewaokoa wengi wanaotufikia.

Na fyuzi ikiungua, usiweke kubwa zaidi. LED inakula umeme kidogo kuliko balbu ya kawaida, hivyo haiwezekani fyuzi iungue kwa sababu ya mzigo kuongezeka. Iliyoungua baada ya kuweka LED inakuambia kuna shoti. Ukiweka ya ampea 30, kitakachoungua safari ijayo ni waya wenyewe, ndani ya bodi usikokuona.

Lalamiko linaloongoza ni indiketa kupiga haraka. Balbu ya kawaida ya indiketa ni ya wati 21, na kwenye volti 12 inavuta kama ampea 1.75. LED inayochukua nafasi yake mara nyingi haifikishi hata nusu ampea. Flasha ya gari imetengenezwa itambue balbu iliyoungua: mkondo ukipungua inaongeza kasi ili dereva ashtuke akakague. LED ikiwekwa, flasha inadhani balbu imekufa. Indiketa nzima hupiga kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, kwa hiyo hata kwa saa ya mkononi unaweza kupima.

Tiba tunayoipendelea ni kubadili flasha, uweke ya kielektroniki isiyotegemea mzigo. Kwenye Toyota nyingi za miaka ya nyuma flasha ni kidude cha kuchomeka chini ya dashibodi. Nenda dukani na ile ya zamani mkononi, ulinganishe idadi ya pini na mpangilio wake, maana zipo zinazofanana umbo lakini pini zimepishana. Magari mengine hayana flasha ya kutoa. Kazi hiyo inafanywa na kompyuta ya gari. Hapo ndipo inapobaki rezista, kidude cha kuongeza mzigo wa umeme.

Rezista inayouzwa sana ni ya wati 50, omu 6, na inaungwa sambamba na balbu ili mkondo urudi kuwa mkubwa. Injini ikinguruma na chaji ikiwa volti 13.8, inapitisha ampea 2.3, na karibu wati 32 zote zinageuka joto. Indiketa inawaka na kuzima, kwa hiyo joto linapungua kiasi, lakini fikiria umepata pancha Kwa Sadala usiku na umeacha hazadi, yaani indiketa zote kwa pamoja, zikipiga muda mrefu. Tumefungua taa ya nyuma ya Noah tukakuta rezista imebandikwa kwa gundi kwenye plastiki. Plastiki ilikuwa imeyeyuka ikaacha shimo lenye kingo nyeusi, na ganda la waya wa pembeni limekauka kiasi kwamba ukilikunja linakatika. Rezista inafungwa kwa skrubu kwenye chuma cha bodi, mbali na waya, plastiki na zulia. Kwenye taa ya breki tunashauri usiiweke kabisa. Kwenye foleni mguu unakaa juu ya pedeli na rezista haipati nafasi ya kupoa.

Ukikanyaga breki na indiketa nayo ikamulika kidogo, chunguza arthi. Umeme unapokosa njia nzuri ya kurudi unapita kwenye taa ya jirani, na LED inahitaji umeme kidogo sana kuwaka. Weka multimita (kipima umeme) kwenye volti, washa taa, gusa hasi ya betri kwa ncha moja na pini ya arthi ya holda kwa nyingine. Ikizidi volti 0.2, arthi ni mbovu. Fungua bolti yake, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi. Magari yanayoshinda kwenye tope la Kibosho na Machame, au vumbi la Mirerani, tunayakuta na kasoro hii mara kwa mara.

LED ndogo ya kuchomeka isiyowaka kabisa, igeuze kwanza: chanya na hasi zimepishana. Inayofifia au kucheza kwenye magari mapya ya Ulaya mara nyingi inasumbuliwa na kompyuta inayokagua balbu, na dawa yake ni LED iliyotengenezwa kwa magari hayo. Redio ikianza kukoroma, washa taa moja moja mpaka uipate inayoleta kelele, uitoe.

Taa kubwa zinahitaji umakini wa pekee. Toyota nyingi zenye balbu za H4 (balbu moja yenye dimu na fulu) zina chanya ya pamoja, na swichi inakata upande wa hasi. Taa ya buluu ya fulu kwenye dashibodi inapata njia yake kupitia nyuzi za balbu. LED haina nyuzi hizo, hivyo taa ya buluu inaweza kugoma, au LED yenyewe ikakataa kubadili kutoka dimu kwenda fulu. Pima soketi taa zikiwa zimewashwa. Ukikuta pini ya pamoja ina volti 12 badala ya kuwa arthi, tafuta LED au waya wa kati wa kuchomeka uliotengenezwa kwa mfumo huo. Waya wa gari usiuguse.

Zikishawaka vizuri, kazi haijaisha. Kioo cha taa ya halojeni, yaani balbu ya kawaida ya taa kubwa, kimepimwa kwa uzi ulio mahali pamoja tu, na LED ikikaa vibaya mwanga unatawanyika. Hakikisha vipande vinavyong'aa vimeelekea kushoto na kulia, si juu na chini. Simamisha gari sehemu tambarare mbele ya ukuta, uwashe dimu. Unatakiwa kuona mstari ulionyooka, juu yake giza, na upande wa kushoto umepanda kidogo. Ukiona mwanga umesambaa mpaka juu, jaribu kurekebisha mkao wa balbu. Ukishindwa, rudisha halojeni hata kama umeshalipa hela nyingi, kwa sababu Usa River na Maji ya Chai usiku kuna bodaboda na watembea kwa miguu pembeni ya lami, na dereva anayekutana na wewe akipofushwa na taa zako hawaoni.