Njia tulivu za baiskeli Unguja na Pemba: yasemwayo na yaliyo kweli

Mwambie mtu wa mjini kwamba Jumapili unapanda baiskeli kwenda shamba, tena kwa raha yako na si kwa kukosa nauli, utapewa ushauri mwingi kabla hujatia upepo kwenye tairi. Sehemu ya ushauri huo ina maana, sehemu kubwa haina. Nimeamua kuuchambua kwa sababu njia zetu za mashamba ni nzuri kweli kwa baiskeli, na inaniuma kuona wanaozifaidi ni wageni waliokodi baiskeli Paje, huku vijana wa Michenzani na Jang'ombe wanazijua kwa kuziona dirishani mwa daladala tu.

"Unguja ni tambarare, hutachoka."

Tambarare ni kweli. Hata Masingini, ambako ndiko juu kuliko kwingine kote kisiwani, hakufiki mita 150 kutoka usawa wa bahari. Ukishaipita Dunga kuelekea Chwaka, au ukikata Kitogani kwenda Muyuni na Makunduchi, unaingia uwandani: mawe ya matumbawe, vichaka vifupi, barabara iliyonyooka mbele yako. Kilima cha kukutoa pumzi hakipo. Lakini na mteremko haupo, na hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Kwenye nchi ya vilima mtu hupanda akachoka, kisha akateremka akapumzika. Uwandani miguu haina mapumziko hata dakika moja, kwa sababu ukiacha kukanyaga pedali baiskeli inakufia.

Halafu kuna upepo. Baharini kila mtu anaiheshimu kusi na kaskazi. Barabarani watu husahau kwamba ni upepo uleule, na uwandani hakuna minazi mingi ya kuuzuia. Hewa ina hesabu yake: mwendo wake dhidi yako ukizidi mara mbili, ukinzani unazidi mara nne. Kwa hiyo anayekwenda kilomita 15 kwa saa, na kusi inamjia usoni kwa kilomita 15 kwa saa, anapambana na hewa mara nne ya ile ya siku iliyotulia. Mtu atatoka Michamvi mwezi wa Julai kwenda Jambiani, njia yote sawa, na bado akafika hoi bila kujua kilichomchosha.

Dawa yake ni kupanga safari kama nahodha. Anza na upepo usoni asubuhi, ungali na nguvu na wenyewe haujakaza, kisha urudi ukisukumwa mgongoni. Miezi ya kusi anzia Michamvi uelekee Bwejuu, Paje na Jambiani. Kaskazi ikiingia, Disemba hadi Machi, geuza: anzia Makunduchi uelekee Jambiani na Paje.

Na Pemba? Pemba usiingie na hesabu za Unguja. Upande wa magharibi na katikati, Mkoani hadi Chake na Chake hadi Wete, ni vilima vifupi vilivyofuatana na mabonde yake, na baiskeli isiyo na gia utaisukuma kwa mkono mara kadhaa. Magari kule ni machache kuliko Unguja, hilo ni kweli, na ukitaka usawa upo pia: toka Chake Chake uelekee Pujini, kwenye magofu ya Mkamandume, kama kilomita kumi hivi, au nenda upande wa mashariki, Micheweni na Kiuyu. Msimu wa karafuu ukumbuke kwamba ukingo wa barabara ni mahali pa kuanikia. Majamvi yakitandazwa hapo, wewe ndiye wa kupisha, maana lile ni jasho la mwaka mzima la watu.

"Njia tulivu ni tulivu siku zote, na haina hatari."

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote. Utulivu wa njia utafute kwanza kwenye saa, kisha kwenye ramani. Chukua njia ya Kizimkazi. Mtu atakwambia toka alfajiri, hutakuta gari. Lakini alfajiri ndiyo saa ya magari ya watalii wanaowahi kuona pomboo, na madereva wake wana haraka. Njia hiyohiyo alasiri unaweza kuipita ukasikia mnyororo wako tu. Michamvi ni kinyume chake: asubuhi shwari, mchana magari yanapeleka wageni kula kwenye mkahawa wa juu ya jabali kule Pingwe. Ramadhani, saa ya mwisho kabla ya magharibi si ya kuwapo barabarani popote pale, shamba wala mjini. Kila mwenye chombo anakimbilia futari. Na wiki ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi mwezi wa Julai, usiihesabu barabara ya Makunduchi kuwa tulivu kwa saa yoyote.

Kuhusu hatari, fikiria mwenyewe. Barabara iliyonyooka na isiyo na foleni inamvuta dereva akanyage mafuta, na gari moja linalokimbia linakuumiza kuliko magari kumi yanayotambaa pale Darajani. Wanyama wenyewe ni ushahidi. Jozani, kima punju waligongwa sana pale barabara inapopita kando ya msitu, hadi yakawekwa matuta, na vifo vikapungua. Mwendo ulishuka, basi, maana magari hayajapungua. Kwa hiyo unapochagua njia usiulize tu magari ni mangapi. Uliza yanakwenda kasi gani. Barabara inayoishia kijijini, isiyoelekea mahali pengine, mara nyingi ni salama kuliko ile inayounganisha miji miwili.

Vilevile usizidharau njia za katikati ambazo wengi hawazitaji. Jendele hadi Kaebona kupitia Cheju, kwenye bonde la mpunga, ni usawa mtupu, na inakuunganisha kutoka njia ya Chwaka hadi njia ya kusini bila kurudi mjini. Njianne kupitia Umbuji kwenda Uroa ni nyingine. Huko utakutana zaidi na gari za ng'ombe, watoto wa skuli na mbuzi wasiojua kupisha, na kengele inafanya kazi kuliko breki. Salimia pia. Anayepita kijijini kwa baiskeli bila kutoa salamu amekosa adabu, na amekosa msaada siku ya pancha.

"Pita kulia, uyaone magari yanakuja."

Mwenda kwa miguu, sawa, anafaa kutembea akiyakabili magari. Mpanda baiskeli hapana. Gari la kilomita 60 kwa saa likikutana na baiskeli ya kilomita 15 uso kwa uso, mnakaribiana kwa kilomita 75 kwa saa. Mkienda upande mmoja, linakukaribia kwa 45, na dereva ana nafasi ya kukuona na kukukwepa. Tena, kwetu magari hupita kushoto, na dereva anayetoka uchochoroni ili akate kushoto hutazama kulia kwake. Wewe unatokea upande ambao hakuutazama. Pita kushoto, hatua moja ndani ya lami. Ukiung'ang'ania ukingo uliomeguka, siku moja tairi litateleza kwenye mchanga.

"Kuliko barabara, bora ufukweni: hakuna gari hata moja."

Mchanga wa Paje na Jambiani maji yakikupwa ni mgumu na mweupe, naelewa unavyovuta. Ila bahari haikusubiri. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita nne, na maji makavu huangukia karibu na saa nne asubuhi, jua limeshaanza kuchoma. Saa hiyohiyo pwani ina wenyewe: kilimo cha mwani kipo tangu 1989, na akina mama wanashughulika na kamba na vigingi vyao wakati huo maji yakiwa mbali. Usipite katikati ya kazi yao.

Na chumvi haina huruma na chuma. Ukipanda mchangani, siku hiyohiyo osha baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ifute, tia mafuta mnyororoni. Ukiacha hadi kesho yake, gololi za pedali zitaanza kulia.

"Phoenix ya mzee haifai, nunua ya mashindano."

Uwandani gia moja ya Phoenix, ile baiskeli nzito ya zamani, inatosha kabisa, na tairi pana kidogo linastahimili mawe kuliko jembamba. Pandisha kiti hadi mguu unyooke karibu wote pedali ikiwa chini. Hilo pekee linapunguza maumivu ya goti kuliko kununua baiskeli mpya. Cha kuangalia ni breki. Raba zinazobana rimu ya chuma hushika vibaya sana zikilowa, kwa hiyo mvua ya masika ikikukuta, punguza mwendo mapema.

"Mtoto wa kike akipanda baiskeli ataharibika."

Hili husemwa kwa sauti ya chini, na limewanyima mabinti wengi baiskeli, kwa hiyo nalisema wazi kwa heshima. Kizinda hutofautiana kati ya msichana na msichana tangu kuzaliwa. Kinaweza kutanuka kwa mambo ya kawaida ya maisha, kinaweza kubaki kama kilivyo, na hali yake haithibitishi lolote kuhusu mwenendo wa mtu. Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa, lilitaka upimaji wa bikira ukomeshwe kwa sababu hauna msingi wowote wa kitabibu. Baiskeli haimwondolei binti heshima yake. Inamfikisha skuli kwa wakati, na kumfikisha mama shambani akiwa hajachoka.

Stara nayo haina ugomvi na baiskeli. Ipo baiskeli ya kike isiyo na bomba la juu, na hatari halisi ya buibui iko kwenye mnyororo na spoki, haiko mahali pengine. Fundi yeyote wa baiskeli anaweza kufunga kava ya mnyororo, na wavu au kitambaa kigumu kwenye gurudumu la nyuma, kwa kazi isiyozidi asubuhi moja. Kisha binti afundishwe kwenye njia ya kijijini jua likiwa limepoa, akiwa na kaka, shangazi au mama yake pembeni, hadi aweze kuachia mkono mmoja kutoa ishara bila kuyumba.