Kupamba nyumba za watu si lazima uanze na duka

Wengi wanaotaka kuingia kwenye biashara ya kupamba nyumba hukwama wakitafuta mtaji wa kujaza duka makochi na mapazia. Kwa Dar es Salaam, duka hilo tayari lipo: vitambaa viko Kariakoo, mafundi seremala wako Keko. Mteja anakulipa kwa kupima, kuchagua na kusimamia, na hapo ndipo wengi huharibu.

Chukua pazia. Anayeanza hupima dirisha la sentimita 150, ananunua mita 2, na pazia linaning'inia kama shuka. Kinachopimwa ni bomba la pazia, ambalo hupita dirisha kwa sentimita 20 kila upande. Kwa hiyo ni 190, mara mbili ili marinda yakae, 380. Ongeza 20 za kukunja kingo za vipande viwili: mita 4. Hesabu hii ni ya kitambaa chenye upana wa sentimita 280, kinacholazwa ili upana uwe urefu wa pazia. Nunua kutoka jora moja, maana rangi hutofautiana kidogo kati ya jora na jora.

Fedha ya vifaa ipokee yote kabla ya kununua. Ada yako iandike kando, wazi. Ukiificha ndani ya bei ya kitambaa, mteja akiulizia bei dukani imani imekwisha.

Cha kununua mwenyewe ni futi ya kupimia, drili, pimamaji ya kuhakikisha bomba limelala sawa, na daftari.