Imeganda, Haijafa: Acha Kumwaga Bia Yako

Jumapili asubuhi simu iliita kabla sijamaliza chai. Mteja wa Buzuruga alikuwa amelaza lita 20 za bia aliyoipika nyumbani kwenye friza tangu Ijumaa, ipoe na machicha yatulie chini, akafunua kifuniko akakuta barafu. "Mwalimu, imekufa. Nimeshaimwaga." Hakupiga kuuliza aimwage au asiimwage. Alipiga kuagiza kimea kingine. Kwa duka langu hiyo ni habari njema, lakini kauli hiyo nimeisikia mno, na bia si kifaranga kwamba ikipigwa na baridi usiku mmoja basi asubuhi tunaifukia.

Kinachoganda ni maji. Bia ya asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzijoto kama 2.5 chini ya sifuri, tena kidogo kidogo: kwanza ukoko kwenye kuta za ndoo, halafu chengachenga kama barafu wanayomwagiwa sangara pale soko la samaki la Mwaloni. Pombe, utamu uliobaki na uchungu wa hopsi (maua yanayotiwa kwenye bia) husukumwa kwenye kile ambacho hakijaganda. Havijaenda popote. Barafu ikiyeyukia ndani ya ndoo ileile, kifuniko kikiwa kimefungwa, una bia yako yenye nguvu ileile. Itakachopoteza ni kidogo: baadhi ya protini hujikusanya kuwa vipande vyeupe visivyorudi kuyeyuka, na povu linaweza kupungua. Vipande vitazama. Povu utalisamehe.

Sasa namna ya kuiyeyusha, maana hapa ndipo watu wanapoiua kweli. Usiitoe juani. Mwanga wa jua ukikutana na hopsi huzaa harufu mbaya ambayo hakuna dawa yake. Usiikalishe kwenye beseni la maji ya moto pia. Zima friza, au kama una kidhibiti joto cha nje ipandishe hadi nyuzijoto 4, uiache siku mbili bila kufungua kila saa kama mtu anayechungulia wali. Barafu ikiisha, maji yake mara nyingi hubaki yametanda juu, kwa hiyo izungushe ndoo taratibu ichanganyike bila kupiga mapovu, kisha iache siku mbili nyingine machicha yatulie tena chini.

Na tafadhali, usihamishe bia kwenda kwenye chupa barafu ikiwa bado inaelea. Kaka mmoja wa Igoma alifanya hivyo. Alivuta kimiminika, barafu akaitupa, akabaki na lita 14 za bia kali, halafu akaweka sukari ya chupa, ile ya kutia gesi, aliyokuwa ameshaipima kwa lita 20. Kila chupa aliyofungua ilifoka. Lawama akazitupia hamira.

Hamira yenyewe imesingiziwa vya kutosha. "Baridi imeiua yote, ndiyo maana bia yangu haina gesi." Ni kweli barafu hupasua sehemu ya hamira, lakini kwenye ndoo ya lita 20 iliyochacha vizuri huwa inabaki ya kutosha kutia gesi kwenye chupa, ila itachelewa: badala ya wiki mbili, ipe tatu. Mwenye wasiwasi aongeze gramu 1 ya hamira kavu siku ya kujaza chupa, yaishe. Ninapomhoji mteja mwenye bia isiyo na gesi, mara nyingi nakuta kosa liko kwenye hesabu ya sukari. Programu ya simu inamuuliza joto la bia, naye anaandika sifuri kwa sababu imetoka kwenye friza. Programu inaamini kwamba bia ya baridi hivyo imebeba gesi nyingi tayari, inampa sukari chini ya nusu ya inayotakiwa. Lakini bia yake ilichachia chumbani, kwa joto letu hili la Mwanza, nyuzijoto 25 au zaidi, na gesi iliyokimbia kule hairudi kwa sababu tu umeipoza. Andika joto la juu kabisa lililofikiwa uchachushaji ulipokuwa unamalizika. Halafu pima sukari kwa mizani. Kijiko si kipimo, nimeshasema hadi nimekauka koo.

Wengine huniambia, "Pombe haigandi." Ile ya asilimia 40 ndiyo haigandi kwenye friza ya nyumbani. Bia yako kwa sehemu kubwa ni maji.

"Niliweka namba 1, ya chini kabisa." Namba za friza si nyuzijoto. Friza imetengenezwa kugandisha samaki, na hata kwenye namba 1 iko chini sana ya sifuri. Hakuna namba ya kulazia bia pale.

"Si mbaya, barafu imeua wadudu." Haijaua. Bakteria wengi hulala tu wakisubiri joto. Bia iliyoharibiwa na wadudu kabla ya kuganda itatoka ikiwa imeharibika.

Jambo moja ambalo hakuna anayeniuliza: ndoo ikipoa, hewa iliyo ndani husinyaa na kufyonza maji ya kizibo cha gesi (kile cha kwenye kifuniko kinachopitisha gesi kwenye maji) yaingie kwenye bia. Kama maji hayo yamekaa wiki tatu, fikiria umekaribisha nini. Mimi hutia pombe kali kwenye kizibo badala ya maji.

Chupa za kioo zilizogandia ndani ya friza ni kesi nyingine. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na chupa haina pa kutanukia. Iliyopata ufa, hata kama haivuji, itupe, na uishike kwa kitambaa kinene. Hapo tu ndipo ninaporuhusu kumwaga.

Dawa ya yote haya ni kidhibiti joto cha nje. Friza inachomekwa kwenye kidhibiti, kidhibiti kwenye soketi. Kihisio chake cha joto kibandike ubavuni mwa ndoo kwa utepe wa gundi, juu yake kipande cha sponji, kisije kikapima hewa ya friza badala ya bia. Panga nyuzijoto 2. Ndoo ikae juu ya ubao, mbali na kuta kwa upana wa kiganja, kwa sababu upande unaogusa ukuta huganda hata kama kihisio kinasoma vizuri. Na kama friza umeinunua kwa mfanyabiashara wa samaki, ioshe kwa magadi na uiache wazi siku tatu kwanza.

Yule wa Buzuruga anakuja kuchukua kimea chake Jumanne. Kidhibiti nimekiweka juu ya mfuko, na bei yake nimeshaijumlisha.